Nyegere na Mkate wa Mapera

Jamani, mpo?
Tupo, tumekaa.
Nina sufuria ya maneno.
Ifunue tuonje.
Ina moto.
Tutapuliza.

Basi hapo kale, si kale sana, palikuwa na panya mmoja, jina lake Bi Mashavu, ana watoto watatu ambao hata macho hawajafumbua, na baba yao alitoka kwenda kutafuta mtama, mpaka leo anatafuta. Asubuhi moja ananyonyesha, akasikia chaku, chaku, chaku. Udongo ukamwangukia kichwani. Alikuwa Bwana Nyegere anachimba, yule mwenye ngozi nene ambayo nyuki huvunjia miiba yao, na tumbo lake halijawahi kusema basi.

Mashavu akatokea mlango wa nyuma.

"Shikamoo, bwana."

"Sikuja kuamkiwa. Nimekuja kula."

"Kula nini, bwana?"

"Unajua."

Alijua. Akawaza awabebe akimbie, lakini mdomo mmoja hubeba mtoto mmoja, sasa amchukue nani, amwache nani, atasemaje kwa anayeachwa. Akasema tu lililomjia.

"Ni wachungu, bwana. Walishikwa na homa, nimewanywesha mwarobaini wiki nzima. Nikuokee kitu kitamu utangulie nacho."

Nyegere akafikiri, na kufikiri kulimchosha. "Haya, oka. Nitakula kitamu, kisha nitakula watoto. Ukichelewa nachimba."

Mashavu akakata mapera, akakata ndizi mbivu, akatia sukari guru, akainjika. Akakanda unga kwa samli, donge kavukavu kama la biskuti, machozi yanadondoka humohumo, akalitandaza juu ya matunda, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, moto chini na moto juu.

Chaku, chaku, chaku. "Tayari?"

"Bado, bwana. Unga mbichi utakuumiza tumbo."

Watoto ndani: piii.

Chaku, chaku, chaku. "Tayari?"

"Bado, bwana. Juu haijawa kahawia."

Piii, piii. Ukucha wa Nyegere sasa umefika kwenye nyasi walizolalia.

Na Mashavu hakuwa na hila yoyote, wallahi, alikuwa anasogeza dakika tu. Akafunua, akamega ukingoni aone kama imeiva, tone la rojo likampata ulimini, akaruka. Juu pakavu, hata mvuke hakuna. Chini pwata, pwata, pwata, sukari inachemka kama lami. Akamtazama Nyegere. Akachukua pepeo, akaupepea ule unga wa juu, pepea, pepea, mpaka ukapoa.

"Tayari, bwana. Kijiko hiki hapa, ule kidogo kidogo, tuwabakizie na majirani."

"Majirani gani? Onja wewe kwanza, isije ikawa sumu."

Akamega unga wa juu, akatafuna, kru kru. "Imepoa, bwana."

Nyegere akagusisha pua. Kweli, imepoa. Akatupa kijiko, akafungua kinywa chote, akazamisha kichwa hadi masikio. Gwap.

Ngozi nene, sawa, lakini ulimi ni ulimi. Alitaka kulia, sukari ikayashika meno, ya juu na ya chini. Akakimbilia mtoni, maji baridi yakaigandisha ikawa jiwe. Mmm, mmm, mmm, ndivyo alivyotokomea porini.

Mashavu akaingia shimoni akawapapasa, mmoja, mwingine, mwingine. Wapo. Hakucheka. Sukari huyeyuka, na hilo mpishi hahitaji kuambiwa. Akamng'ata mmoja ukosi taratibu, akatoka naye mbio hadi kichuguu cha mbali, akamweka, akarudi. Akambeba wa pili, akarudi. Akambeba wa tatu. Na alipokuwa njiani na yule wa pili, nyuma yupo aliyeachwa peke yake na mbele yupo aliyeachwa peke yake, naye hajui ni yupi anayelia. Kwenye shimo jipya watoto wakalala. Yeye alilaza sikio kwenye udongo, akasikiliza.

Sufuria yangu imekwisha, ukoko ni wenu, kwangueni.

Na funzo mlishike, wanangu: mgeni akija, mpikieni kwa upendo na mumpe kijiko. Na mama wa kweli haogopi kitu chochote.