Hoho Nyeusi za Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, Kindi alikuwa uani kwake akipuliza moto. Fuu! Fuu! Alipuliza huku akiimba, maana mama yake alikuwa njiani anakuja.

Mama huyo alikuwa ameugua masika yote, hali kitu ila uji. Sasa kapata nafuu, naye alituma neno moja tu: "Nataka hoho za kuchoma."

Hoho zenyewe zilijaa kikapu kimoja, nyekundu, zimeiva, na bustanini hazikubaki nyingine. Kindi akazipanga juu ya makaa. Tss! Tss! Harufu ikaruka ua, ikapenya kichakani, ikaingia puani mwa Nyati na Kiboko.

Mara, pu! pu! pu! Ardhi ikatikisika. Kindi akajua ni nani wanaokuja, na kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mgeni akikuta chakula motoni, mwenye umbo kubwa huonja kwanza. Akikipenda, hula mpaka ashibe. Akikitema, hana haki nacho tena, ni cha mpishi. Na wawili hawa hawakuwahi kutema kitu tangu wazaliwe!

"Hodi hapa!"

"Karibuni, wajomba," Kindi akaitika. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika koleo aziepue hoho. Ukasita. Akaziacha pale pale motoni.

"Unapika nini, kadogo?" Kiboko akauliza, akijibwaga kwenye kigoda. Kwachu! Kigoda kikalia.

"Hoho, mjomba. Subirini kidogo."

"Sisi na subira ni paka na panya," akasema Nyati. "Lete!"

Kindi hakuleta. Alipepea moto. Hoho zikatoa malengelenge, zikababuka, zikaanza kusawijika. Akazigeuza upande wa pili, nao ukawa mweusi ti!

"We Kindi! Unaunguza chakula!"

"Mama ndivyo alivyonifunza, mjomba."

"Ha! Ha! Mama yako alikufunza kupika makaa!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likacheza ngoma.

"Basi onjeni, wajomba. Wakubwa kwanza."

Akampa kila mmoja hoho yake, nyeusi, inafuka moshi. Hawakuuliza zinaliwaje. Nyati aliitupa yote kinywani, ganda na kikonyo. Kiboko naye vivyo hivyo.

"Ptuu! Chungu kama shubiri!"

"Ptuu! Ptuu! Majivu matupu!"

"Poleni, wajomba," Kindi akasema, uso mkavu. "Kwa hiyo mmetema?"

"Tumetema! Kula mwenyewe makaa yako! Tupe maji tusukutue."

Akawapa mtungi. Walipokuwa wakisukutua, gugugu, gugugu, yeye alizikusanya hoho zote chunguni, akafunika mkungu wa udongo juu. Mvuke ukajifungia humo ndani, ukafanya kazi yake kimyakimya.

"Hodi, mwanangu!"

"Karibu, mama! Karibu mkekani!"

Mama alikuwa amekonda, fimbo mkononi, lakini pua yake ilikuwa nzima. Alinusa, akatabasamu.

Kindi akafunua chungu. Akachukua hoho moja, akaibana kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Swaa! Ganda jeusi likavuliwa lote kama nguo. Ndani hoho ilikuwa nyekundu, laini, inang'aa, mchuzi wake mtamu ukichuruzika mpaka kiwikoni. Akainyunyizia chumvi na ndimu.

Nyati akasahau kusukutua. "We! Hicho ni nini?"

"Ni yale makaa, mjomba."

"Nipe kipande!"

"Mjomba, desturi ni yenu wakubwa. Kilichotemwa ni cha mpishi."

"Lakini hukutuambia ganda linatolewa!"

"Niliwaambia msubiri."

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama mtungi. Wakaondoka zao polepole, kila mmoja akimlaumu mwenziwe.

Mama hata hakuwaona wakipita. Alikuwa amekula ya kwanza, amelamba vidole, na sasa anasukuma bakuli mbele.

"Ongeza, mwanangu," akasema. "Ongeza na nyingine."

Hadithi yangu naiepua hapo, wanangu, nanyi mkae na neno lake: mwenye pupa hula ganda, mwenye subira hula tamu iliyo ndani.