Somo wa Bibi

Mwanamke mmoja alikuwa na jina la kumpa mtoto wake, akaogopa kulitoa. Jina lenyewe lilikuwa Mwanaidi. Bibi yake aliitwa hivyo, akafa kwa tumbo angali na nguvu zake za kulima. Dada yake mkubwa akapewa jina hilo awe somo wa bibi, maana kwao somo ni mtu unayeitwa naye jina moja. Huyo dada alipokuwa mama wa watoto, akaanza kushiba kwa tonge chache, akakonda, wakamzika kando ya bibi. Ukoo mzima ukaelewana bila kikao: ugonjwa unatembea na jina.

Mwanamke huyo aliitwa Siwema. Alipojifungua binti, shangazi yake alikuja na kanga mpya. "Nimekuja kumpakata Mwanaidi wetu," alisema. Siwema akamvuta mtoto kifuani, akamwita Subira. Shangazi alinuna, akaikunja kanga yake, lakini hakubisha. Naye alikuwa akiogopa.

Tangu hapo Siwema alilala usingizi mzuri, kama mtu aliyefunga mlango. Hata tumbo lilipomchoma alikunywa maji ya tangawizi tu, akajiambia: mimi si Mwanaidi.

Kisha ikawa zamu ya kaka yake, Athumani, mpasua mbao. Alikuwa mlaji wa kusifiwa kwenye kila shughuli, na sasa akawa anaisukuma sahani ya ubwabwa. Siwema alimsihi ale, akamtuliza kwamba asiwe na wasiwasi, kwa kuwa jina lile halikumwangukia yeye. Athumani akacheka huku ameshika tumbo.

"Mdogo wangu, hili tumbo limeniuliza jina?"

Walikwenda pamoja hospitali ya mkoa. Athumani akamezeshwa mpira wenye kamera, kikaonekana kidonda kibaya, kikiwa bado kidogo. Daktari akauliza ni nani mwingine wa ukoo aliyeugua hivyo. Siwema, ambaye kwa muda mrefu hakutaka hata kulitamka jina lile, akamtaja bibi, akamtaja dada. Daktari aliwaeleza kwamba saratani ya tumbo mara nyingine hufuata damu, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Lakini si kila mwenye damu hiyo huugua, na anayejijua huweza kupimwa mapema, kabla ugonjwa haujakomaa.

Athumani alipasuliwa. Aliwaambia wauguzi kwamba mbao zimelipiza kisasi, wakacheka naye. Siku hizi anakula kidogo kidogo, lakini anakula. Siwema naye aliumeza mpira ule. Hawakuona kidonda, ila vijidudu tu vinavyoweza kuleta vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya kuviua. Akaambiwa awe anarudi kila mwaka, na anarudi.

Alipojifungua tena, mtoto alikuwa binti. Shangazi alikuja na kanga ile ile, akasimama mlangoni. Siwema akamwekea mtoto mikononi.

"Haya shangazi, mpakate Mwanaidi."

Akikua ataambiwa somo wake alikufa kwa nini, na yeye na Subira, mwenye jina na asiye nalo, watakwenda kupimwa pamoja. Nanyi mnaosikiliza, wazee wenu wameondoka wakawaachia somo: mmelisoma, au mmelizika pamoja nao?