Udhu wa Sultani Hamdani

Hapo zamani, katika mji wa Mtondoni, siku ya Ijumaa, saa tano ya asubuhi, jua likiwa kali na upepo umekufa kabisa, Sultani Hamdani alitoka hamamuni hali amekwisha tawadha, akaja barazani kusikiliza haja za raia wake. Akajinyoosha juu ya kitanda cha samadari kwa ubavu wa kulia, akafumba macho, na kabla mwenye haja wa kwanza hajapiga goti, akaanza kukoroma.

Ikawa hiyo ndiyo desturi yake tangu alipotawazwa miaka miwili nyuma. Sheria aliitunga mwenyewe: kila haja isemwe mbele yake siku ya Ijumaa, baina ya saa tano na adhana, na atakayemwamsha apigwe fimbo hamsini. Basi watu walikuja, wakalisemea koromo, mwandishi wa baraza akaandika daftarini "haikusikiwa", kisha wakarudi makwao. Nao walijua vema kwamba ule haukuwa usingizi, kwani ni usingizi gani umkamatao mtu saa tano kamili, ukamwachia muadhini akikohoa tu? Tena nzi akimtua puani, koromo lilikatika hata mtumishi amfukuze, kisha likaendelea palepale lilipokomea. Waziri naye hakuchoka kunong'ona kwamba bwana amelemewa na kuwafikiria raia zake.

Miongoni mwa waliokuja alikuwapo Vuai, msusi wa majamvi, fukara aliyeitwa mpumbavu kwa kuwa kila aambiwalo alilishika kama lilivyosemwa. Walinzi wa Sultani walikuwa wamekifunga kwa kufuli kisima cha mtaa wake, ili maji yote yaende kwenye mikomamanga ya bustani ya bwana wao. Watu wa mtaa wakawa wanakunywa maji ya dimbwi, na watoto wawili walikuwa wamekwisha zikwa. Vuai aliieleza haja hiyo Ijumaa sita, akajibiwa makoromo sita.

Ijumaa hii, ambayo ni ya saba, alikuja na kopo la maji, akaliweka chini, akaketi kimya. Zamu yake ilipofika, mwandishi akamwamuru aseme. Vuai akajibu kwa sauti ndogo kwamba hana la kumwambia mtu aliyelala. Amekuja kumtumikia tu. Mwandishi akaandika kwamba hana haja, na waziri akatabasamu.

Muadhini akakohoa. Sultani akafumbua macho, akapiga mwayo mrefu wa mtu aliyeshiba usingizi, akavaa makubadhi, akashika njia ya msikitini. Vuai akasimama mbele yake na kopo mkononi.

"Bwana wangu, maji ya udhu haya hapa."

"Nimekwisha tawadha, mpumbavu wee. Nipishe."

"Ulitawadha, bwana, kisha ukalala. Wala hukusinzia kwa kuketi. Ulilala ubavu, ukakoroma, sote tukasikia. Mimi sikusoma, lakini Kadhi yupo."

Watu wote wakamgeukia Kadhi Shekue, ambaye kwa miaka miwili aliandamana na Sultani kila Ijumaa huku akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Akavitazama tena, visimsaidie. Kukanusha jambo ambalo hata watoto wa chuoni hulijua kungemvua kilemba, basi akasema kwa shida kwamba alalaye ubavu hana udhu, na jambo hilo halina hitilafu.

"Kwa hiyo," akasema Vuai, "Ijumaa mia moja na moja bwana wetu amesimama safu ya mbele bila udhu."

Sultani akaona kwamba, akikubali, hakuna kinywa kitakachoitikia amina jina lake litakapotajwa katika hotuba. Na sultani asiyeitikiwa amina ni mtu mnene tu mwenye bustani.

"Sikulala," akasema.

"Leo, bwana, au Ijumaa zote?"

Sultani akawatazama raia mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza awaone. "Zote. Nilifumba macho nikitafakari."

"Alhamdulillahi. Basi haja ya kisima umeisikia mara sita, na mimi sina la kuongeza. Nangoja jibu."

Mkuu wa walinzi akauliza kama zile fimbo hamsini ziletwe. Vuai akamwuliza kwa adabu amemwamsha nani, ilhali bwana mwenyewe ameshuhudia kwamba hakulala. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha kumi, kisha baraza zima, na waziri akaona ni busara kucheka pamoja nao. Sultani hakucheka. Alimpokonya mkuu wa walinzi ufunguo wa kisima, akaupachika mkononi mwa Vuai bila kumtazama.

Hapo mjane mmoja akasogea, akasema kwamba haja yake nayo basi ilisikiwa. Na nyuma yake wakasogea wengine. Mwandishi akaamriwa kulileta daftari, akalifuta neno "haikusikiwa" ukurasa baada ya ukurasa. Walipotoka msikitini, Sultani aliketishwa juu ya kiti kigumu, mgongo wima, macho wazi, akajibu haja za raia wake hata magharibi. Mwandishi alipolifunga daftari siku hiyo, zilikuwa zimejibiwa haja kumi na tisa, na zimesalia mia nne na sita.