Fulana ya Pete

Sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Mkulima Kahindi alipenda kufua chuma kwa kujifurahisha tu. Alilifua jembe la mkewe likawa pete ndogondogo, akazisuka zikawa fulana ya chuma. Akachukua na shoka. Jamani, akachukua hata kikaango!

“Sasa tutapikia nini?” aliuliza mkewe Mbodze, aliyeolewa bila pete.

“Umebaki mkono mmoja tu wa fulana, mke wangu.”

Siku aliyoivaa, wameketi mlangoni, zimwi likaja, likammeza Kahindi na fulana yake. Fulana ikanasa kooni. Zimwi likakohoa, wapi! Likakohoa tena, wapi! Mara ya tatu likamtema Kahindi mzima, likakimbia. Pete moja ikachomoka, ikamwangukia Mbodze mapajani.

Mbodze akaitia kidoleni, akamgeukia mumewe.

“Miaka yote unasuka pete, mpaka zimwi ndilo linivishe?”

Nami ngano yangu nimeitema.