Gunzi la Kiboko kwenye Njia ya Kupandisha

— Niwashe simu?
— Washa!
— Imeshika?
— Inazunguka!
— Basi iacheni izunguke, nisikilizeni mimi.

Siku moja Mama Tunu, mke wa Digidigi, alichambua mchele huku akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Akajirekodi kwenye simu, akamwambia mumewe, "Mtumie binti yetu Tunu. Akijifungua, mtoto alale nao." Digidigi akasema, "Nitatuma." Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida nyumbani mwao. Kesho yake Mama Tunu hakuamka.

Tunu akajifungua mbali, ng'ambo ya nyika. Mtoto akakataa kulala. Alilia siku tatu.

Digidigi akaupandisha wimbo mtandaoni, umfikie Tunu. Nyiii... asilimia mbili. Nyiii... asilimia tatu. Ukakatika. Akaanza upya, ukakatika tena. Lakini akishusha kitu, fyuu! kimeshafika.

"Ajabu," akasema. "Kuingia kunakimbia, kutoka kunatambaa. Kwa nini?"

Akaufuata waya. Ukapita kwa Kobe, akaufuata. Ukapita kwa Kanga, akaufuata. Ukaishia kwa Kiboko, mwenye mtandao wa kijiji kizima. Ukutani palikuwa na mabomba mawili. La kushusha lilikuwa pana kama mdomo wa mtungi. La kupandisha lilikuwa limezibwa kwa gunzi la muhindi, likabakizwa tundu la sindano.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Gunzi hili la nini?"

"Marahaba. Kupandisha si ni kutoa? Mimi sahani ya jirani nairudisha tupu, nitaachaje bomba la kutolea wazi?"

Digidigi akalitazama gunzi. "Basi pole, mzee. Nilikuwa nakupandishia matikiti. Shamba zima."

"Mimi?"

"Wewe. Vitu vyetu si hupita kwako kwanza? La kwanza limekwama hapo nyuma. Sikiliza." Akagonga bomba: ngo! ngo!

Kiboko akameza mate. "Mbona hukusema mapema, we miguu vijiti!"

Akaling'oa gunzi, pwaa! akalitafuna. Akaweka mdomo mbele ya bomba, akaupanua.

"Usifumbe, mzee. Ukifumba yatapasukia njiani."

"Aaa," akasema Kiboko.

Digidigi akabonyeza. Fyuu! Asilimia mia. Sauti ya Mama Tunu ikapita katikati ya meno ya Kiboko, ikaenda zake.

"Aaa? Tikiti gani hili linaimba?"

"Ndiyo yaliyoiva hayo, mzee. Ngoja yanayofuata."

Jioni Tunu akapiga simu. "Baba, amelala."

Asubuhi iliyofuata Digidigi aliusikiliza wimbo ule mwenyewe, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akalala hadi adhuhuri.

Kiboko yuko mdomo wazi hadi leo. Funzo, wenzangu: msiwaseme vibaya walafi, maana wao ndio wanaotuzibulia njia. Hadithi yangu imepanda yote. Atakaye na aishushe.