Mduara wa Mtama Bondeni

Mwaka wa jua kali, ukipanda mlimani ukatazama bondeni, utaona mashamba yote ya mtama yamekauka, yana rangi ya majivu. Katikati yake kuna mduara wa kijani, mpana kama kijiji. Hapo kale haukuwapo. Palikuwa na kijiji chenyewe, na watu wake hawakujua uzio wala lango.

Kisha ndui ikaingia vijiji vya ng'ambo ya mto. Mtemi Mwasanga akaogopa. Akaamuru lichimbwe handaki kuzunguka kijiji kizima, kina chake kumpita mtu aliyesimama, na upande wa ndani wakasimika ukuta wa magogo. Likaachwa lango moja lenye daraja la kuvutwa kwa kamba. Bawabu akawa Ngole, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii.

Asubuhi moja Ngole alisikia anaitwa. Alikuwa dada yake Sekela, aliyeolewa ng'ambo, amembeba mwanawe mgongoni.

"Kaka, mume wangu nimemzika jana. Tufungulie."

"Nimekatazwa, dada."

"Basi mimi niache. Mchukue mtoto. Mtazame, hana hata kipele."

Ngole alitazama, akaona ni kweli. Mkono wake ukaishika kamba, ukabaki pale pale. Akakimbia kwa Mtemi kumwombea. Mtemi hakuinua hata uso.

"Ukimfungulia huyo, utawafungulia wote. Wewe huna watoto humu ndani?"

Ngole akarudi langoni. "Vumilia, dada. Labda kesho." Alijua anadanganya.

Jua lilipowaka, Sekela aliteremka handakini kutafuta kivuli. Wakimbizi wengine wakaja, nao wakateremka. Ngole aliwashushia vibuyu vya maji kwa kamba, huku akimsikia mtoto akilia. Siku kilio kilipokoma, aliteremsha daraja bila ruhusa, akashuka. Alikuwa amechelewa. Hakuna aliyekuwa hai. Akawafukia wote humo humo walipolala, kuzunguka handaki zima, wala hakutoka mtu ndani kumsaidia. Alipomaliza akakuta daraja limevutwa.

Kumbe ndui ilikwisha kuingia zamani, nyumbani kwa Mtemi mwenyewe. Wachache waliopona walitawanyika. Watoto wa Ngole hawakuwa miongoni mwao. Yeye aliugua peke yake porini, akapona na makovu yake.

Magogo yakaliwa na mchwa, handaki likajaa udongo, na wageni wakaja kulima juu yake bila kujua. Ndipo mvua zikakatika. Mtama wote ukanyauka, isipokuwa pale ulipokuwa udongo wa handaki, mnene na wenye unyevu. Wageni wakashangilia, wakakimbilia na miundu. Ngole, ambaye sasa alikuwa mzee, akasimama mbele yao.

"Msikate. Huu ni wa wale tuliowafungia nje."

Akawasimulia yote, bila kujitetea. Wakaishusha miundu.

Na tangu siku hiyo, mvua zikikosekana, mduara hujitokeza, na wenye mashamba huambulia kidogo kilichobaki huku na huku, wakauacha. Mpita njia mwenye njaa huvunja masuke atakavyo. Ngole aliishi kando ya mduara hadi kufa kwake, na hakuonja hata punje.