Hatung'oki na Vilima Vitatu

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aifungie mlangoni. Hadithi hii ina mwanzo na ina katikati. Mwisho wake sina. Mwisho nimewaletea ninyi.

Huko nyanda za juu kusini, kwenye nyasi za baridi ambako kondoo huota sufu nzito, palikuwa na wajane watatu wa mume mmoja. Subilaga, mke mkubwa, alikuwa na jicho: akimtazama mnyama mchanga, anakwambia atakuwa mnyama wa namna gani. Tusekile, wa kati, alikuwa na uvumilivu wa jiwe la kusagia. Anyisile, mdogo wao, alikuwa na mgongo. Nusu gunia la viazi kwake ulikuwa mzigo wa kwendea kumsalimu shoga. Kupendana hawakupendana sana. Wake wenza ni wake wenza.

Mume alipofariki, shemeji yao Ambakisye alikuja na wazee wa ukoo kudai kondoo arobaini na vilima vitatu vya malisho.

"Mashemeji zangu," alisema, "huku kuna chui. Zizi halilindwi na kanga. Shukeni bondeni kwa baba zenu."

"Hatushuki," Subilaga akajibu.

Wazee wakaweka sharti la miaka miwili. Akiliwa kondoo hata mmoja, mali yote inarudi kwa ukoo.

Subilaga akatembea siku mbili hadi kwa mfugaji mmoja aliyekuwa na mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, wale wenye kichwa kama chungu na shingo ya ndama. Katika watoto saba hakumtaka mkali aliyembwekea, wala mchangamfu aliyemrukia. Alimchukua yule aliyeketi akamtazama tu. Akampeleka moja kwa moja zizini, akamzoeza kunyonya kwa kondoo aliyefiwa na mwanawe, akamlaza penye sufu, akue akijua hao ndio ndugu zake. Akampa jina Hatung'oki, na kila jioni aliliita kwa sauti ya kufika hadi kwa shemeji.

Lakini mbwa wa aina hiyo huchelewa kukomaa. Mwili unakuwa wa fahali, akili bado ya kitoto. Mwaka wa kwanza wajane walilinda wenyewe kwa mikuki na mabati ya kugonga, huku Hatung'oki akicheza na wanakondoo mpaka anawachubua masikio. Tusekile akajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili shingoni mwa mbwa, akatembea naye hivyo miezi kumi, mvua na baridi. Akikimbiza mwanakondoo anazuiwa, akitulia anasifiwa. Kofi hakumpiga hata moja. Hakumwacha aruke mawe wala akimbie miteremko, mifupa isije ikaharibika kabla haijakomaa. Mbwa alipofikia umri, Tusekile alimwita daktari wa mifugo amhasi, asije akaacha zizi kufuata majike. Mbwa alimtii Tusekile, ila mkia alimtikisia Anyisile aliyempa mifupa. Hilo lilimuuma Tusekile, na hakumwambia mtu.

Anyisile naye alikuwa ameonywa: mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu halishwi beseni zima kwa mpigo, tena akiwa bado anahema. Siku moja huruma ikamzidi, akamjazia. Tumbo likavimba kama ngoma. Mbwa anataka kutapika, hakitoki kitu. Daktari yuko bondeni, saa tatu kwa miguu. Anyisile akamfunga mgongoni kwa blanketi, kilo hamsini na ushee, akashuka naye.

"Jamani, mmemwona mama na mwanawe?" watu wakamcheka njiani.

"Ndiyo, ni wangu," akajibu, "na akipona atawabwekea ninyi kwanza!"

Daktari akampasua, akalinyoosha tumbo lililojisokota, akalishona mahali pake. Alisema wangechelewa kidogo tu wangerudi na ngozi.

Mwezi wa mwisho wa sharti, asubuhi ya ukungu, chui alishuka. Mbwa wa kawaida angemfukuza, na kondoo wangebaki peke yao. Hatung'oki hakufukuza. Alisimama kati ya chui na ndugu zake, akinguruma, na kila chui alipozunguka naye akazunguka. Akararuliwa bega, akabaki pale pale. Mwishowe chui alichoka akarudi msituni.

Wazee wakaja kuhesabu. Arobaini, na wanakondoo juu yake!

Ambakisye hakutoa mkono. "Vizuri," alisema. "Basi kila mjane achukue kilima chake na kondoo wake, kama marehemu alivyogawa. Kilima kitakachokaa msimu mmoja bila kondoo kinarudi kwa ukoo. Na Jumapili tunakuja: tukiwakuta mnamgombania mbwa, tunamchukua."

Wajane wakaingia ndani, wakafunga mlango.

"Bila mimi," alisema Subilaga, "mngekuwa na kondoo na chui."

Safari hii Tusekile alisema. "Bila mimi, dada, mngekuwa na mbwa wa kula kondoo. Miezi kumi nilikuwa mfungwa wake. Hakunipenda, na bado nilimfunza."

"Na bila mimi mngekuwa na kaburi," alisema Anyisile.

"Wewe ndiye uliyemvimbisha!" Tusekile akadakia.

"Kosa lilikuwa langu. Na mgongo ulikuwa wangu."

Na katika wote watatu hakuna aliyesema uongo.

Msiniambie wagawane watoto wake; amehasiwa. Msiniambie azungushwe, mwezi huku mwezi kule. Mbwa wa namna hii ana kundi moja moyoni, ukimhamishahamisha anakuwa mzururaji. Kumwacha achague mwenyewe walijaribu: walipotenga kondoo mafungu matatu, alilala katikati akalia kutwa nzima. Na atakayeomba wazee waamue, atoke hapa aende akakae na Ambakisye. Mbwa hakulelewa na ukoo, ukoo haumgawi!

Leo ndiyo Jumapili. Shemeji yuko njiani, anacheka peke yake. Mmoja wa wajane hawa lazima atoke na mbwa, na wawili watoke na mikuki kwenda kwenye vilima vya chui, bila kugombana. Haya, wewe uliyekaa hapo: ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini, ukiwatazama usoni?